Faida haimo tena ndani ya boksi

Ingia kwenye duka lolote la sabufa Kariakoo, mwombe muuzaji awashe tatu zenye majina matatu tofauti, kisha aziweke zote kwenye Bluetooth. Aghalabu utasikia sauti ileile ya mwanamke, kwa Kiingereza kilekile cha kuungaunga, ikikuarifu kwamba spika iko tayari kuunganishwa na simu. Boksi la kwanza lina jina la Kijapani-Japani, la pili linajifanya la Mjerumani, la tatu ni herufi tu zilizopangwa zikapendeza. Bei zinapishana kwa elfu ishirini au thelathini. Muuzaji anaapa kwamba hii ndiyo yenyewe, zile mbili ni za kuigiza. Yule mama wa ndani ya spika anamsuta palepale.

Sauti hiyo imehifadhiwa kwenye chipu ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ndani ya chipu hiyo mna redio ya FM, kisoma flashi, kicheza muziki na Bluetooth, vyote pamoja. Kampuni kama Zhuhai Jieli ya kusini mwa China huziuza kwa wingi wa kutisha, tena zikiwa na programu yake tayari. Mwenye kiwanda anabaki na kazi ya kutafuta mbao, spika, taa za kuwakawaka na kibandiko cha jina. Majina matatu pale dukani ni vibandiko vitatu.

Haikuwa hivi wakati redio ya nyumbani ilipokuwa National au Philips, na betri zake za National zikitengenezwa Dar es Salaam hapahapa. Kuifanya redio ishike idhaa ya mbali bila kukoroma kulikuwa ufundi wa mikono na miaka. Koili ilizungushwa kwa kipimo, mota ya kaseti ilipaswa kuuvuta mkanda kwa mwendo usiotetereka, la sivyo taarabu ingeyumba kama mlevi. Philips walioileta kaseti mwaka 1963, na Sony walioleta Walkman mwaka 1979, walikuwa wanauza ujuzi ambao mtu wa pembeni asingeweza kuupata kwa kuifungua redio na kuichungulia. Ulikuwa umekaa kwenye vidole vya wafanyakazi wao na kwenye mashine zao.

Kidijitali maana yake ni kwamba ujuzi ule umegeuzwa kuwa faili, na faili hunakiliwa. Kwenye simu, jambo hili lilifanywa na MediaTek ya Taiwan katikati ya miaka ya 2000: iliuza chipu pamoja na programu na mchoro mzima wa jinsi ya kuijenga simu. Karakana za Shenzhen ambazo hazikuwa na mhandisi hata mmoja wa mawimbi ya redio zikaanza kutoa simu. Tunazikumbuka. Laini mbili, antena ya TV ya kuvuta, spika ya kuamsha mtaa, na jina kama Nokla ambalo ulilisoma vizuri ulipokwisha kulipa.

Watu wengi huishia hapo wanapoeleza mapinduzi haya: vitu vimekuwa rahisi, Wachina wamejaa, bei zimeshuka. Ni kweli, lakini ndiyo nusu isiyo na utamu. Kitu ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza hakimtajirishi anayekitengeneza. Faida hutoka ndani yake ikatafute mahali pengine pa kukaa, na ushindani huifuata huko. Ukitaka kujua kampuni ipi ya simu au runinga itakuwapo baada ya miaka kumi, usitazame kamera wala kioo. Tazama inashika nini boksi likishafunguliwa.

Nokia walikigundua hilo kwa maumivu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na sababu yake Afrika Mashariki haihitaji maelezo: kwetu ilizaa neno kitochi, Wakenya wakaiita mulika mwizi. Ilikaa na chaji wiki nzima, ikaanguka chini ikaokotwa ikaendelea. Mwishoni mwa 2007, mwaka uleule iPhone ilipoingia sokoni, karibu simu nne kati ya kila kumi zilizouzwa duniani zilikuwa za Nokia. Miaka sita baadaye, Septemba 2013, kitengo chake cha simu kilikubaliwa kuuzwa kwa Microsoft kwa yuro bilioni 5.44, na mwaka 2015 Microsoft ikafuta vitabuni dola bilioni 7.6 kutokana na ununuzi huo.

Nokia hawakushindwa kutengeneza simu. Hata siku za mwisho kamera zao zilikuwa za kuonewa wivu. Mkuu wao, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi Februari 2011 akiwaambia wazi kwamba washindani hawawanyang'anyi soko kwa vifaa, wanawanyang'anya kwa mfumo mzima: duka la programu, watengenezaji wa programu, ramani, matangazo, malipo. Aliuona ugonjwa sawasawa. Dawa aliyoichagua, Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, ndiyo iliyomaliza mgonjwa, kwa sababu watu walioandika programu za simu walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine na hawakuwa na sababu ya kurudi.

Anayedhani Nokia ni hadithi ya wazee waliosinzia amtazame Huawei. Hawa hawakusinzia. Katika robo ya pili ya mwaka 2020 waliipita Samsung wakawa wa kwanza duniani kwa idadi ya simu walizosafirisha. Lakini tangu Mei 2019 Marekani ilikuwa imeiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuuziwa teknolojia yake bila kibali, na simu zao mpya zikakosa huduma za Google. Kioo kilekile, kamera zilezile zenye jina la Leica, betri ileile. Kilichopungua ni Play Store, YouTube na ramani. Nje ya China soko likawakauka. Novemba 2020 wakaiuza Honor, chapa yao ya bei nafuu, ili angalau hiyo isizame nao. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu: kifaa hakikuguswa hata skrubu moja, na bado thamani yake machoni pa mnunuzi ilianguka.

Wa nyumbani zaidi ni huu. Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe inayotumia mfumo endeshi wa KaiOS. Wazo lilikuwa zuri: kitochi chenye betri ya kudumu, chenye WhatsApp ndani. Mama aliyeogopa kupapasa kioo aliweza kupokea ujumbe wa sauti wa mjukuu. Kisha mwaka 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na hata waliokuwa nayo tayari wakajua siku zake zinahesabika. Vitufe vizima, betri nzima, laini inashika. Simu ikarudi kuwa kitochi cha kawaida kwa uamuzi uliofanyika California, na aliyeitengeneza hana la kufanya.

Faida ilipotoka kwenye boksi ilikwenda wapi? Vitabu vya Apple vinajibu. Katika mwaka wao wa fedha wa 2024, huduma, yaani duka la programu, muziki, hifadhi ya mtandaoni na kadhalika, ziliingiza dola bilioni 96. Kwenye kila dola 100 za huduma walibaki na faida ghafi ya takriban dola 74. Kwenye kila dola 100 za vifaa walibaki na 37. Na hao ndio wauzaji wa vifaa vyenye faida kubwa kuliko wote duniani! Sehemu ya fedha hizo za huduma inatoka Google, ambao mwaka 2022 pekee waliilipa Apple dola bilioni 20 ili ukiandika neno la kutafuta kwenye iPhone yako, liende kwao. Hii ilifichuka mahakamani Marekani katika kesi ambayo Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ni mhodhi aliyevunja sheria. Dola bilioni 20, na hakuna kilichotengenezwa kiwandani. Ni kodi ya mlango.

Xiaomi wa China walianzia upande huo tangu siku ya kwanza. Mwaka 2010 walitoa programu yao ya MIUI, watu wakaiweka kwenye simu za kampuni nyingine. Simu yao wenyewe ilikuja 2011. Mwaka 2018 mwanzilishi wao, Lei Jun, aliahidi kwamba faida halisi ya kampuni kwenye vifaa haitazidi asilimia 5, kamwe. Wengine walimsifu kwa ukarimu. Mimi nasoma ahadi ile kama onyo kwa washindani wake: kama wewe unaishi kwa faida ya boksi, mimi nitaliuza kwa bei ya kukufukarisha, kwa sababu chakula changu kiko kwingine.

Hapa msomaji wa Dar, Mombasa au Kampala atanikatiza: na Tecno je? Si wametushinda kwa simu yenyewe? Ni pingamizi la haki. Kampuni mama, Transsion, ilianzishwa mwaka 2006, na mwanzilishi wake, Zhu Zhaojiang, alikuwa amefanya kazi Ningbo Bird, mtengenezaji wa simu aliyevuma China. Badala ya kugombana na wakubwa kwao, alikuja huku. Akakuta watu wana laini mbili au tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, akawapa simu ya laini mbili. Akakuta umeme unakatika, akaweka betri nene. Akakuta kamera za wenzake zinampiga mtu mweusi usiku yakatoka meno matupu, akarekebisha kamera. Akafungua vituo vya Carlcare vya matengenezo, jambo ambalo wakubwa walikuwa wakiliona gharama. Leo Tecno, Itel na Infinix, zote watoto wa mama mmoja, ni karibu nusu ya simujanja zinazouzwa Afrika.

Kwa hiyo ndiyo, waliingia kwa kifaa. Ila tazama walichofanya walipokwisha kuingia. Mwaka 2015 wakaja na Boomplay, duka la muziki lililokuja limeshawekwa kwenye simu zao, na ambalo leo msanii wa Bongo Fleva hawezi kulipuuza. Wakaweka duka lao la programu, Palm Store, ubavuni mwa lile la Google. Wakaifunika Android kwa mfumo wao wenyewe, HiOS, ambao unakuletea tangazo ulipokuwa unatafuta kikokotoo. Anayelalamika kwamba Tecno yake mpya imejaa vikorokoro asivyoviomba hajaelewa mpangilio wa bei: vile vikorokoro ndivyo vilivyolipia sehemu ya simu. Ukivifuta, wanakasirika kidogo. Usipovifuta, kila mwezi unawalipa kwa bando lako.

Nguvu ya Transsion kwenye kifaa ina mwisho wake pia. Laini mbili sasa kila mtu anazo, betri kubwa kila mtu anayo, na Xiaomi na Samsung wamekwisha kujifunza kuipiga picha ngozi nyeusi. Mwaka 2024 Qualcomm ya Marekani, mtengenezaji wa chipu, iliwashtaki katika mahakama ya India kwa madai ya hataza, yaani haki za uvumbuzi. Anayenunua chipu, anayelipia hataza na anayetegemea mfumo wa Google ana mabwana watatu juu yake, hata awe anauza simu milioni ngapi.

Kwenye runinga mambo yalikwenda njia hiyohiyo, ila kwetu serikali ndiyo iliyoifungua. TV ya chogo ilikuwa kitu kamili: antena juu ya bati, ukageuza kidogo, ukaona. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya analojia yakazimwa Dar es Salaam, na kuanzia hapo runinga ikawa kioo kinachosubiri king'amuzi. Aliyekuuzia kioo alilipwa mara moja, mwenye king'amuzi analipwa kila mwezi mpaka leo. Runinga janja imejaribu kuurudisha ubwana huo ndani ya kioo. Vizio ya Marekani ililazimika kulipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa kurekodi walichokuwa wanatazama watu kwenye runinga milioni 11 bila ridhaa yao. Miaka saba baadaye Walmart, muuza mchele na nepi, akainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 2.3, wakati ambapo sehemu kubwa ya faida yake ghafi ilikuwa ikitoka kwenye matangazo na data, si kwenye vioo. Hata kile kitufe chenye jina la Netflix kwenye rimoti yako hakikuwekwa kwa mapenzi. Vitufe vya rimoti hulipiwa, kama mbao za matangazo barabarani.

Mpaka hapa tumekuwa watazamaji wa mechi ya wengine. Lakini ipo sehemu moja ya mchezo huu ambayo Afrika Mashariki haijafuata mtu, na inasikitisha kwamba wachambuzi wa biashara huitaja kwa sentensi moja ya pongezi na kupita. Ni simu ya mkopo.

M-KOPA ilianza na sola Kenya. Mtu wa kijijini alipewa paneli, taa na redio kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa; ndani ya kifaa mlikuwa na laini ya simu, na malipo yakikatika, taa zinazimwa kutoka mbali. Kisha wakagundua kwamba simujanja ni kifaa kizuri zaidi cha kufungwa kwa namna hiyo, maana laini na intaneti tayari vimo. Safaricom nao wakaja na Lipa Mdogo Mdogo mwezi Julai 2020 wakishirikiana na Google: wakati ule uliweka shilingi elfu moja za Kenya, kisha ukalipa shilingi 20 kwa siku. Kufuli lenyewe limekaa chini kabisa kwenye mfumo wa simu, mahali ambapo hata ukiirudisha kwenye hali ya kiwandani linakungoja palepale. Ukipitisha siku bila kulipa, kioo kinakuonyesha deni.

Jambo hili limepindua ushindani kuliko kamera yoyote. Kabla yake, swali la mnunuzi lilikuwa "ina GB ngapi?" Sasa ni "kwa siku shilingi ngapi?" Simu ya bei ya juu kidogo ikisambazwa kwenye siku nyingi zaidi inaonekana rahisi kuliko ya bei ya chini inayodaiwa haraka. Anayechagua simu gani ifike mkononi mwa bodaboda wa Nakuru au muuza mbogamboga wa Temeke si huyo mnunuzi tena, ni mkopeshaji, na mkopeshaji anapenda simu ambayo kufuli lake halivunjiki. Uimara wa kufuli umekuwa sifa ya bidhaa, ingawa hakuna tangazo linaloitaja. Waliolithibitisha ni M-KOPA wenyewe: walianza kwa kukopesha simu za Samsung na Nokia, wakafungua kiwanda cha kuunganisha simu Nairobi, baadaye wakatoa simu zenye jina lao. Mkopeshaji kamgeuza mtengenezaji kuwa kibarua, kisha akachukua na kazi ya kibarua.

Mafundi nao hawajalala. Kwenye vibanda vya Luthuli Avenue, Nairobi, na pembezoni mwa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, utakuta vijana wanaotoa loki kwa ada, leo wanafanikiwa, kesho mfumo unasasishwa na njia inazibwa, keshokutwa wamepata nyingine. Siwatetei, kutoa loki ya simu ya mkopo ni kumkimbia mdai. Ila huo nao ni ushindani wa kidijitali, na nina hakika baadhi ya vijana hao wanalijua kufuli hilo kuliko afisa mauzo anayelinadi.

Mimi si mpinzani wa mkopo huu. Mtu asiyeweza kutoa laki mbili kwa mkupuo anaweza kutoa elfu moja kwa siku, na simu hiyo ikamletea wateja. Tatizo langu ni kwamba bei ya siku inaimeza bei ya jumla. Sabuni ya vipande haikuwahi kumficha mtu kwamba mche mzima ni nafuu zaidi, kwa sababu mche ulikuwa pale kaunta, unauona. Simu ya mkopo haina mche kaunta. Ningelazimisha kila tangazo la simu ya mkopo liandike tarakimu mbili kwa ukubwa sawa: ya siku, na ya siku zote zikijumlishwa. Ushindani wa kweli kati ya wakopeshaji ungeanza asubuhi inayofuata.

Ukishaliona hili, hadithi ya viwanda vyetu vya simu inasomeka tofauti. Oktoba 2019 Rais Paul Kagame alizindua kiwanda cha Mara Phones Kigali, kikisifiwa kwa kutengeneza simu tangu bodi yake badala ya kuunganisha tu. Tulipiga makofi. Mara X na Mara Z ziliuzwa kwa zaidi ya dola 100, zikaingia sokoni kugombana na Tecno kwenye boksi, yaani pale hasa faida ilipokuwa imekwisha kuondoka. Hazikuwa na duka lao wenyewe la programu, wala muziki, wala pochi ya fedha, wala kufuli la mkopo lililozoeleka. Zilikuwa na uzalendo. Kiwanda ndugu cha Durban kilifungwa baada ya miaka michache, na ni nadra leo kumwona mtu mwenye Mara mkononi.

Miaka minne baadaye, Oktoba 2023, Rais William Ruto akazindua kiwanda cha Athi River, cha EADAK, kinachounganisha simu za 4G za chini ya shilingi elfu kumi za Kenya. Kiufundi ni kazi nyepesi kuliko ya Mara: vipande vinakuja, vinaungwa, vinapimwa, vinafungwa. Walioibeza kwa sababu hiyo walikosea mahali pa kutazama. Wamiliki wa EADAK ni Safaricom na Jamii Telecom pamoja na TeleOne ya China. Safaricom ana mtandao, ana M-Pesa, ana kufuli. Kwake boksi likitoka bila faida yoyote, bado kila simu ni mteja wa bando na wa muamala kwa miaka. Ndiyo maana naamini Athi River ina pumzi ambayo Kigali haikuwa nayo, na sababu haihusiani na ubora wa skrubu zao.

Tanzania tuliligusa tatizo hilohilo kwa mkono wa kodi. Mwaka 2021 serikali iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye simujanja ili zishuke bei. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi. Sishangai. Kodi ilipunguzwa kwenye boksi, na boksi ni mahali ambapo muagizaji, muuzaji wa jumla na wa rejareja wanagombania senti. Mwenye njaa akiachiwa kipande, anakila.

Mdhibiti wa mawasiliano anayo nguvu ambayo bado hajaigeuza upande huu. Kenya ilizima simu bandia usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, Tanzania ikafuata tarehe 16 Juni 2016, baada ya miezi ya kutuhimiza tubofye *#06# na kutuma namba kwenda 15090. Mamlaka zilionyesha kwamba zikitaka, zinaweza kuamua simu ipi iishi na ipi ife. Zilitumia nguvu hiyo kwenye kifaa, kwa sababu wakati ule tatizo lilikuwa kifaa. Leo simu bandia ni tatizo la pili. La kwanza ni simu halali kabisa ambayo mwenye nayo hana usemi juu yake.

Muulize fundi yeyote wa iPhone. Zimejaa Kariakoo na Nairobi zilizotumika, kutoka Dubai, na fundi akitoa kioo halisi cha iPhone moja akikiweka kwenye nyingine ya aina ileile, simu, hasa yenye programu ya zamani, inaweza kumtangazia mwenyewe kwamba kioo hicho haikitambui, na baadhi ya vitu vikaacha kufanya kazi. Kioo ni cha Apple, simu ni ya Apple, mikono ya fundi ni misafi. Kinachokosekana ni ruhusa ya programu. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 kukataza mtindo huo wa kufungamanisha vipuri na simu. Oregon ni jimbo la watu milioni nne na kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina watu wanaozidi milioni 300, wengi wao wakitumia vifaa vilivyopita mikononi mwa fundi zaidi ya mara moja, na soko hilo lote halijawahi kusimama mbele ya mtengenezaji mmoja likasema kwa sauti moja: ukitaka kuuza huku, kipuri halali kifanye kazi.

Wiki iliyopita nilimsindikiza jamaa yangu kununua simu ya kwanza ya mwanawe anayeanza chuo. Duka lilikuwa na kabati la kioo, simu zimepangwa, kila moja na kikaratasi cha bei, na pembeni meza mpya yenye mwavuli, msichana mwenye fulana ya kampuni ya mikopo na kishikwambi mkononi. Jamaa alionyesha simu moja kwenye kabati akauliza bei. Mwenye duka hakunyanyua kichwa kutazama kikaratasi. Alielekeza kidole kwenye mwavuli.

"Muulize dada pale, kaka. Mimi siku hizi nauza chaja."